Stelingi hafi? Filamu za uhalifu na maamuzi yaliyojenga au kubomoa waigizaji

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Uzi huu ni wa wale tunaopenda muvi za majambazi, makachero, mafia na wauza unga. Nina hoja moja nataka tuijadili kwa kina: kwenye filamu za uhalifu, muigizaji anayeogopa kuchafuka ndiye anayepoteza. Anayekubali kuchukiwa, kudhalilika, hata kuuawa filamu ikiwa bado inaendelea, huyo ndiye anayekumbukwa. Tumekua tukiambiana stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi, lakini ukichunguza filamu kubwa za aina hii utakuta zimebebwa na watu waliokubali kufa.

Mfano wangu mkuu ni Denzel Washington. Hadi mwaka 2000 alikuwa ameshaigiza kama Steve Biko kwenye Cry Freedom (1987), Malcolm X kwenye filamu ya 1992, wakili kwenye Philadelphia (1993), bondia aliyefungwa kwa kosa ambalo hakulitenda kwenye The Hurricane (1999), na kocha kwenye Remember the Titans (2000). Watu wenye msimamo, wenye heshima zao. Halafu 2001 anakuja na Training Day, ni Alonzo Harris, kachero wa dawa za kulevya wa Los Angeles ambaye ameoza mpaka kwenye mifupa. Filamu nzima ni siku moja, na kwa sehemu kubwa ni yeye na kijana mgeni kazini, Ethan Hawke, ndani ya gari.

Angalieni anachokifanya mle. Habadilishi sauti, habadilishi mwendo. Tabasamu ni lilelile lililotufanya tumwamini miaka yote, na ule ushawishi wa kiongozi ni uleule, ila safari hii vyote vinatumika kumnasa kijana wa watu. Ndiyo maana Alonzo anatisha. Mtu ambaye hatukuwahi kumwamini asingeweza kutusaliti namna ile. Denzel alitumia akiba ya heshima aliyoijenga kwa miaka kumi na zaidi, akaitoa yote kwa siku moja ya Alonzo. Machi 2002 akapewa Oscar ya muigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa pili kuipata baada ya Sidney Poitier, usiku uleule ambao Halle Berry aliipata ya upande wa wanawake.

Na huyu huyu Denzel aliwahi kukataa Seven (1995). Nafasi ya kachero kijana iliyokwenda kwa Brad Pitt ilimfikia yeye kwanza, akaona skripti ina giza mno. Baadaye akaikataa pia Michael Clayton (2007) kwa sababu muongozaji, Tony Gilroy, hakuwa ameongoza filamu kabla ya hapo. George Clooney akaichukua, akateuliwa kuwania Oscar. Denzel mwenyewe ameshasema hadharani kwamba hapo alikosea. Kwa hiyo simzungumzii mtu asiyekosea kuchagua. Ila kubwa kuliko zote aliipata siku aliyokubali giza.

Linganisheni na Will Smith. Aliikataa Django Unchained (2012), na sababu aliyoitoa ni kwamba yule wa Django hakuwa mhusika mkuu; alitaka yeye ndiye ammalize adui. Namheshimu sana Will, lakini hapo ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe. Ukianza kuhesabu nani anamuua nani, umeshaacha kusoma mhusika.

Karibuni tujadili. Kwa ambao hawajaziona baadhi ya hizi filamu, huko chini tutataja mpaka miisho, mtuwie radhi.

#2

Naunga mkono hoja, mkuu, na nakuongezea John Travolta. Saturday Night Fever (1977) ilimpa uteuzi wa Oscar, Grease (1978) ikamfanya ajulikane kila kona, halafu miaka ya themanini akapoa. Nafasi ya Vincent Vega kwenye Pulp Fiction (1994) ilitakiwa kwenda kwa Michael Madsen, lakini alikuwa amejifunga na Wyatt Earp. Travolta akaingia.

Sasa fikiria kwa macho ya mtu anayetafuta kurudi mjini. Unaletewa skripti ambayo wewe ni muuaji wa kukodiwa, mtumiaji wa heroini, na unapigwa risasi ukitoka chooni. Yaani chooni! Mshauri yeyote anayelinda jina lako angekwambia kimbia. Travolta akasaini, filamu ikachukua tuzo kubwa ya Cannes, yeye akateuliwa tena Oscar, na mwaka uliofuata akapewa Get Shorty. Wyatt Earp yenyewe iliishia kupoteza pesa.

#3

Mleta uzi, nimekusoma vizuri ila sikubaliani na wewe moja kwa moja.

Unazungumza kana kwamba muigizaji anakaa mezani na skripti kumi mbele yake, anachagua ya giza au ya mwanga. Wengi wao hawana hiyo anasa. Mtu ana mkopo, ana talaka, ana watoto shule, na simu ikilia mara moja kwa mwaka anashukuru Mungu. Nicolas Cage alishinda Oscar kwa Leaving Las Vegas (1995), akafanya Face/Off (1997) ambayo mpaka leo naiona ni kati ya filamu za uhalifu zenye wazimu mtamu kuliko zote. Baadaye akaingia kwenye madeni makubwa, yakiwemo ya kodi, akawa anapiga filamu moja baada ya nyingine, nyingi hazikupita hata kwenye kumbi za sinema. Watu wakamcheka. Yeye akalipa madeni yake, na katikati ya kazi hizo hizo akatoa Pig (2021), kazi ya utulivu kabisa, ya mtu aliyepoteza kila kitu.

Kwangu mimi huo ni uanaume wa kutosha. Kazi ni kazi. Si kila uamuzi wa muigizaji ni wa kisanaa, na tusiwapime kana kwamba wote wana uwezo wa kusema hapana.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa #3, hoja yako ina uzito na nimefurahi umemtaja Cage kwa heshima. Lakini ona pia upande wa pili, kuna waliosema hapana huku pesa ikiwa mezani. Matthew McConaughey alikuwa mfalme wa filamu za mapenzi za kuchekesha. Akaamua basi. Ameeleza kwenye kitabu cha maisha yake kwamba alipelekewa ofa ya filamu nyingine ya aina hiyo, wakawa wanaipandisha mpaka dola milioni 14.5, akakataa, akakaa karibu miaka miwili bila kazi ya maana.

Alirudi kwa njia gani? The Lincoln Lawyer (2011), wakili anayefanyia kazi kiti cha nyuma cha gari. Killer Joe, polisi anayeua kwa malipo. Mud, mtu anayesakwa, amejificha kisiwani. Karibu zote ni uhalifu. Oscar ilikuja na Dallas Buyers Club (2013), na mwaka uliofuata akatoa True Detective kwenye televisheni. Pale walimtaka awe Marty Hart, kachero wa kawaida mwenye familia. Yeye ndiye aliyeomba awe Rust Cohle, yule aliyevunjika ndani. Woody Harrelson akachukua ya Marty. Leo huwezi kumwaza mtu mwingine kama Rust, na hakuipata kwa kusubiri kupewa.

Pesa inaeleza kwa nini mtu anafanya kazi mbaya. Haielezi kwa nini mwingine anaomba nafasi ngumu wakati nyepesi iko mkononi.

#5

Kaka zangu, mmezungumza wanaume tupu mpaka hapa. Naomba nafasi.

Kwa wanawake kwenye filamu hizi, mlango ni mwembamba zaidi. Kwa miaka mingi nafasi zilikuwa mbili: mke wa jambazi anayelia jikoni, au mwanamke anayemponza kachero. Kwa hiyo nafasi ya kweli ikija, kuikataa kunauma mara mbili.

The Silence of the Lambs (1991). Muongozaji Jonathan Demme alimtaka Michelle Pfeiffer, walikuwa wameshafanya kazi pamoja kwenye Married to the Mob. Pfeiffer akakataa kwa sababu ya uovu uliomo kwenye hadithi. Simlaumu hata kidogo, mtu ana haki ya kusema hili siwezi kuliishi kwa miezi mitatu. Jodie Foster, aliyekuwa anaitaka nafasi ile kwa nguvu zote, akaipata, ikampa Oscar ya pili baada ya The Accused. Filamu ikabeba zote tano kubwa: filamu, muongozaji, skripti, muigizaji wa kiume na wa kike.

Lakini tazameni jambo ambalo hoja ya mleta uzi haijaligusa. Clarice Starling si mchafu. Ni mwanafunzi wa FBI, mwadilifu, anayeogopa na bado anasonga mbele. Ugumu wa Foster ulikuwa kubaki msafi bila kuwa mtupu, huku mbele yake Anthony Hopkins ana mhusika anayemeza kila kipande anachotokea. Kuna kile kipande cha lifti mwanzoni, yeye mdogo wa umbo katikati ya wanaume warefu waliovaa nguo nyekundu, hasemi kitu. Ukimwangalia pale unajua tayari maisha yake kazini yakoje. Uzuri wa mhusika mwema ukiigizwa kwa akili ni mgumu kuliko uovu. Uovu una msaada mwingi: sauti, mavazi, maneno ya kukumbukwa.

Na yule aliyekubali kuchafuka kweli kweli ni Charlize Theron kwenye Monster (2003). Alibadilisha mwili, meno, ngozi, mwendo, akawa Aileen Wuornos, mwanamke aliyeua wanaume kadhaa Florida na kuuawa kwa sheria, kwa sindano ya sumu, mwaka 2002. Theron alikuwa pia mmoja wa watayarishaji wa filamu ile. Hakusubiri mtu amfikirie. Watu wengi husifia vipodozi, mimi nasifia macho: muda wote anaonekana mtu anayetarajia kupigwa.

#6

Dada wa #5, umeandika vizuri sana. Hilo la lifti nilikuwa silitilii maanani.

#7

Nashangaa tumefika hapa bila Joe Pesci.

Chukueni filamu zake mbili za mwaka 1990. Moja ni Goodfellas, ni Tommy, mtu ambaye kicheko chake kinaweza kuishia kwenye maiti. Nyingine ni Home Alone, mwizi wa nyumba anayepigwa na mtoto mdogo mpaka unamhurumia. Mwaka mmoja! Goodfellas ikampa Oscar, akapanda jukwaani akasema shukrani kwa sentensi moja hivi akashuka. Casino (1995) wakamrudisha kwenye ukali uleule, na mwishoni mwa miaka ya tisini akajiondoa, akawa haonekani isipokuwa kwa nadra.

Nahodha wa hoja yangu ni The Irishman (2019). Muongozaji Martin Scorsese alimbembeleza sana mpaka akakubali kurudi. Na akarudi na nini? Russell Bufalino, mzee asiyepandisha sauti. Hapigi mtu, hatukani mtu. Anamwambia Robert De Niro kwa upole kabisa kwamba rafiki yake lazima afe, na unasikia baridi. Kama angerudi na Tommy mwingine tungeshangilia wiki moja tukasahau. Alichokifanya ni kuichukua hofu ambayo tayari tunayo juu yake, akaiacha ikae kimya mezani.

Hapo ndipo naona tatizo la Giancarlo Esposito kwa sasa, na nasema hivi nikiwa shabiki wake. Gus Fring, bosi wa dawa za kulevya kwenye Breaking Bad, ni kazi kamili. Lakini baada ya pale amepewa adui mpole, nadhifu, anayeongea taratibu, kwenye The Mandalorian, kwenye The Boys, hadi kwenye gemu la Far Cry 6. Anaifanya vizuri kila mara, ila mtu mwenye uwezo ule anastahili waandishi wenye mawazo zaidi. Kulaumiwa walaumiwe wanaomwita, kabla ya yeye.

#8

Hapo kwa Esposito naweka sahihi. Ongeza na Danny Trejo ujue kwamba kukaririwa si msiba kwa kila mtu. Trejo alikuwa mfungwa kweli. Baada ya kutoka akawa anasaidia waathirika wa dawa za kulevya, na ndiyo iliyompeleka kwenye seti ya Runaway Train (1985) kumsaidia kijana mmoja. Akakutana na Edward Bunker, waliyefahamiana gerezani, ambaye alikuwa anafanya kazi kwenye skripti. Wakampa kazi ya kumfundisha Eric Roberts ngumi, kisha wakamweka ndani ya filamu. Sura ileile, michoro ileile mwilini, imemlisha miaka yote hii. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "umekaririwa" atakuuliza wewe unataka arudi wapi.

#9

Mimi hoja yangu ni fupi: John Cazale.

Filamu tano tu za urefu kamili. The Godfather (1972), The Conversation (1974), The Godfather Part II (1974), Dog Day Afternoon (1975), The Deer Hunter (1978). Zote tano ziliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Yeye mwenyewe hakuteuliwa hata mara moja. Alifariki Machi 1978 kwa saratani ya mapafu, ya mwisho haijatoka.

Hakuwahi kuwa stelingi. Fredo, mhusika wake kwenye The Godfather, ni mdogo wa akili, mwoga, anayewaonea wivu nduguze. Muigizaji anayelinda sura yake hawezi kuigiza udhaifu ule bila kukuomba umwonee huruma. Cazale haombi. Kwenye Part II, pale anapomlipukia mdogo wake Michael (Al Pacino) kwamba yeye ndiye mkubwa na akaachwa nyuma, amelala kwenye kiti, mikono inarushwa huku mwili hauinuki. Hata hasira yake imeshindwa kusimama. Al Pacino amekuwa akisema miaka yote kwamba alijifunza uigizaji kutoka kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

#10 Mleta uzi

Mkuu wa #9, hapo umegusa moyo wa uzi huu. Kipande hicho cha kiti ningekiweka kwenye kila darasa la uigizaji.

Na kwa kuwa tumefika kwenye The Godfather, kumbukeni wakubwa wa studio ya Paramount hawakumtaka Pacino. Walitaka jina, wakiwataja akina Robert Redford na Ryan O'Neal. Muongozaji Coppola akakomaa. Naye Robert De Niro alifanyiwa majaribio ya nafasi ya Sonny, kaka yao mkubwa Michael na Fredo, akaikosa, James Caan akapita. Kukosa kule ndiko kulikomwachia nafasi ya baba yao, Vito, akiwa kijana kwenye Part II. Akajifunza Kisisili, akaigiza mhusika ambaye Marlon Brando alikuwa ameshashinda naye Oscar, na yeye akashinda. Angepata Sonny, angeuawa kwenye kibanda cha ushuru barabarani na kusingekuwa na njia ya kurudi. Kwa hiyo si kila kitu ni uamuzi wa muigizaji. Mara nyingine wengine wanakuamulia, kazi yako ni kuwa tayari.

Robert Duvall kwa upande wake alikataa kurudi kwenye Part III (1990) kwa sababu ya pengo kati ya malipo yake na ya Pacino. Wengi wanamlaumu kwamba aliiponza filamu. Mimi simlaumu. Filamu ilipwaya kweli bila Tom Hagen, wakili wa familia aliyemwigiza, na kupwaya huko ndiko kulikothibitisha thamani aliyokuwa anaidai.

#11

Kuna aliyewataja wanaofanya filamu nyingi za bei rahisi. Naomba tumkumbuke Bruce Willis kwa utu.

Miaka yake ya mwisho kazini alitoa filamu nyingi za uhalifu zilizofanana: siku chache za kazi, amekaa kitini, anaongea kidogo, jina lake kubwa kwenye bango. Watu tulizikejeli mitandaoni, na wale wa tuzo za kejeli za Razzie wakamtengenezea kundi lake peke yake. Machi 2022 familia ikatangaza ana afasia, ugonjwa unaonyang'anya maneno, na mwaka uliofuata wakaeleza ni shida ya akili ya sehemu ya mbele ya ubongo. Razzie wakaifuta ile tuzo. Kumbe tulichokuwa tunakiita uvivu kilikuwa mtu anayepigana kubaki kazini.

Huyu ndiye aliyetoka kwenye Die Hard, akiwa juu kabisa, akakubali kuwa mmoja tu kati ya wengi kwenye Pulp Fiction kwa malipo madogo kuliko aliyozoea. Bondia Butch, aliyepewa rushwa apoteze pambano akashindwa kujishusha. Nendeni mkamtazame anapokaa kimya mwanzoni, Marsellus, bosi wa wahalifu, anaongea muda mrefu na kamera haiondoki usoni kwake. Hasemi karibu lolote. Unaona mtu anapokea pesa na anaichukia kwa wakati mmoja.

#12

Asante kwa hili, mkuu. Wengi hatukujua.

Swali kwa wote: Heat (1995), nani alikula mwenzie, Pacino au De Niro?

#13 Mleta uzi

Swali hilo litatulaza hapa. Nitajibu langu.

Kwanza tujue uzito wake. Walikuwa wote kwenye The Godfather Part II lakini hawakukutana hata kwenye kipande kimoja, mmoja yuko zama za baba, mwingine za mwana. Heat ndiyo ikawakutanisha uso kwa uso, na muongozaji Michael Mann akawa na ujasiri wa kuwakutanisha kwa kikombe cha kahawa badala ya bunduki. Filamu ya karibu saa tatu, na hao wawili wana muda mchache sana pamoja.

Pacino, kachero anayemsaka De Niro, ndiye anayeonekana zaidi, anapiga kelele, anazunguka. Lakini nampa De Niro. Jambazi wake, Neil McCauley, ana sheria moja: usijifunge na kitu ambacho huwezi kukiacha ndani ya sekunde thelathini ukihisi polisi wako karibu. De Niro anaigiza mtu anayeiamini sheria hiyo huku taratibu anaivunja, na uso wake haukwambii siku gani imevunjika. Angalia karibu na mwisho, ndani ya gari, ana pesa, ana mwanamke anayempenda, njia ya uwanja wa ndege iko wazi. Anapewa habari ya Waingro, mhalifu mwenzake aliyemsaliti, yuko hoteli gani. Anaendesha kidogo, taa za handaki zinampita usoni, kisha anakata kona.

Na msimsahau Val Kilmer mle ndani. Mwaka huohuo 1995 alikuwa Batman kwenye Batman Forever, stelingi wa stelingi. Kwenye Heat akakubali kuwa wa tatu, mcheza kamari anayeharibu ndoa yake. Batman akaiachia, George Clooney akaichukua. Nikiulizwa leo Kilmer wa mwaka ule nimwangalie wapi, sitafikiri mara mbili: ni pale anaposhuka garini akiwa amejeruhiwa, mkewe Charlene juu ya roshani anampa ishara ndogo ya mkono kwamba ni mtego, tabasamu lake linakatika, anarudi garini na kuondoka.

#14

De Niro. Kile kipande cha handaki kimemaliza ubishi kwangu. Wa upande wa Pacino leteni hoja zenu, tunawasubiri.